Ukipata barua ya hospitali kuhusu skopu, usiitupe wala usiikalie

Shikamooni wazee wangu, habari zenu wenzangu wote, na nyie vijana mliosimama kule mlangoni njooni mbele viti vipo.

Nawashukuru viongozi wa jumuiya yetu hapa jimbo la Washington kwa kunipa hii nafasi, maana hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu sana. Kuna watu kwenye nchi hii waliingia hospitali kutolewa jiwe la nyongo tu, kazi ya saa moja hivi, wakatoka na bakteria ambao karibu kila dawa inashindwa, na wengine hawakutoka kabisa. Na ndugu zao wakaambiwa mgonjwa alikuwa hali mbaya tangu mwanzo, ni mipango ya Mungu. Wakazika, wakarudi nyumbani, halafu baada ya mwaka au miaka miwili wakasoma kwenye gazeti kwamba kulikuwa na kifaa, na kile kifaa kilikuwa na shida, na watu walijua. Hapo ndipo kesi zilipoanza, na hizo kesi ndizo nataka tuongelee leo.

Kwanza tuelewane skopu ninayoisema ni ipi, maana zipo nyingi, kuna ya kuangalia utumbo mkubwa, ya mapafu, ya kibofu. Hii yetu inaitwa dyuodenoskopu. Ni mrija mrefu mweusi unaopindika, unapitishwa mdomoni, unapita tumboni mpaka pale utumbo mwembamba unapoanzia, pale mrija wa nyongo unapofungukia. Daktari anautumia kutoa mawe, kuzibua njia iliyobanwa na kansa ya kongosho, kuweka kibomba cha kupitisha nyongo. Kazi yenyewe wanaiita ERCP, na hapa Marekani inafanyika zaidi ya mara laki 5 kwa mwaka. Na niseme wazi kabisa ili mtu asiondoke hapa na hofu: inaokoa maisha. Bila hiyo wengi wangepasuliwa tumbo. Mtu asiende kufuta miadi yake kwa sababu yangu, hata FDA wenyewe, idara ya serikali inayosimamia dawa na vifaa vya tiba, walishawaambia wagonjwa wasifute bila kuongea na daktari.

Shida iko kwenye ncha. Pale mbele pana kilango kidogo cha chuma kinachopanda na kushuka, daktari anakitumia kuelekeza waya au kikapu cha kukamatia jiwe. Nyuma ya kile kilango na pembeni kwenye vile vipenyo vyake ndipo uchafu unapojificha. Mnajua chupa ya chai, pale chini ya kizibo kwenye ule mpira, unaosha kila siku lakini siku ukiung'oa unakuta weusi? Basi ni vile, ila huku siyo masalia ya chai, ni damu na nyongo na kinyesi cha mtu mwingine. Na skopu huwezi kuichemsha kwa mvuke mkali kama mikasi ya upasuaji, joto lile linaiharibu. Kwa hiyo inaoshwa kwa mkono, inapigwa brashi, inaingia kwenye mashine ya dawa, inakaushwa, inatundikwa, kesho inaingia mdomoni mwa mtu mwingine.

Nayajua haya kwa sababu ndiyo kazi yangu. Naosha skopu. Humu ndani naona sura kama nne tano tunaofanya kazi hiyo hiyo hospitali tofauti, wengi wetu wahamiaji, watu hata hawajui kama tupo, sisi ni wale wa chumba cha nyuma chenye sinki mbili na harufu ya dawa. Ikifika kwangu naipima kwanza kama inavuja, naizamisha kwenye sabuni ya enzaimu, nanyanyua kile kilango napiga brashi nyuma yake, nakishusha napiga tena, nakinyanyua nusu, napitisha brashi ndefu kwenye mrija mpaka itokee upande wa pili ikiwa safi, nasukuma maji kwa bomba la sindano, naisuuza, halafu naitazama ncha kwa lenzi na taa. Ukifanya vizuri inachukua muda, na mlangoni kuna mtu anauliza iko tayari? mgonjwa keshalala mezani. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi skopu zilikuwa chache kuliko wagonjwa wa siku, tukawa tunakimbizwa hivyo asubuhi mpaka jioni, na ukisema unataka muda zaidi unaonekana mvivu.

Nimeyaeleza haya makusudi, maana kwenye kesi hizi jambo la kwanza kampuni inalosema ni kwamba muoshaji hakufuata maelekezo.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwaka 2012 kule Rotterdam, Uholanzi, hospitali ya Erasmus waliona bakteria aina ya Pseudomonas asiyesikia dawa anazidi kwa wagonjwa wao, wakahesabu wagonjwa 30, na 22 kati yao walikuwa wamepitishiwa skopu moja ile ile. Modeli TJF-Q180V ya Olympus, kampuni ya Kijapani ambayo ndiyo inatawala hilo soko. Waholanzi hawakuanza kwa kumlaumu muoshaji. Waliifungua ile skopu, wakamwita mtaalamu wa chuo kikuu cha Delft aikague, na ndani mle, sehemu ambayo kampuni ilisema imezibwa kabisa na mpira kwa hiyo haina haja ya kuoshwa, wakakuta uchafu wa rangi ya kahawia. Yaani ule mpira haukuziba. Hata uoshe kwa machozi na jasho, brashi yako haifiki pale.

Kampuni iliipata ile taarifa. Januari 2013 ikawaandikia wateja wake wa Ulaya kuwatahadharisha. Hospitali za Marekani je? Zilikuja kuandikiwa Februari 2015. Miaka miwili nzima. Na kwenye hiyo miaka miwili watu walikuwa wanalazwa, wanapitishiwa mrija, wanazikwa, na hapa hapa kwetu Seattle, hospitali ya Virginia Mason, kati ya 2012 na 2014 waliambukizwa watu ambao hesabu ilikuja kufika 39, na 18 kati yao walifariki. Ni kweli wengi wao walikuwa wagonjwa sana tayari, na siyo kila kifo unaweza kukifunga na skopu moja kwa moja, nitalirudia hilo. Lakini wagonjwa na familia hawakuambiwa. Magazeti ndiyo yaliyoandika Januari 2015 na ndipo watu wakajua. Mimi hospitali siwasamehei kwenye hili. Walichunguza vizuri, baadaye wakaongeza skopu na kuanza kuzipima baada ya kuosha na kuzizuia zisitumike mpaka majibu yatoke, kazi nzuri sana hiyo, wachache waliifanya wakati huo. Lakini mjane alikuwa na haki ya kuambiwa kabla ya msomaji wa gazeti.

Los Angeles nako, hospitali ya UCLA, mwanzoni mwa 2015 walituma barua kwa watu 179 kwamba huenda mmeguswa na bakteria sugu, 7 walikuwa wameshaambukizwa na 2 wamekufa. Na msidhani ni kampuni moja. Karibu na Chicago mwaka 2013 mlipuko mkubwa wa maambukizi ulitokea na skopu ya kampuni ya Pentax. Seneta wetu wa hapa Washington, Patty Murray, ofisi yake ikafanya uchunguzi, ripoti ikatoka Januari 2016: angalau watu 250 na milipuko 25 duniani ndani ya miaka kama mitatu. Na humo likatoka jambo lingine, kwamba ile modeli ya Olympus ilianza kuuzwa hapa 2010 bila kuomba kibali kipya cha FDA, kampuni iliamua yenyewe kwamba mabadiliko iliyoyafanya hayahitaji kibali. Kibali kilikuja Januari 2016, baada ya kampuni kukubali kuzirudisha na kubadilisha kile kilango. Yaani kifaa kimeshaua ndipo karatasi zinakamilika!

Desemba 2018 Olympus ikakiri kosa la jinai mahakama ya shirikisho kule New Jersey, na afisa wake mmoja wa zamani, Hisao Yabe, naye akakiri, kosa lenyewe ni kutopeleka FDA taarifa za maambukizi zilizotakiwa kisheria miaka ya 2012 na 2013. Faini dola milioni 80 na nyingine milioni 5 za kutaifishwa. Pentax nao 2020 wakakubali kulipa milioni 43. Na hapa ndipo watu wetu wengi wanapokosea, nimesikia mtu anasema ah, si walishalipa wale, kesi imeisha. Jamani. Faini ya jinai inaingia serikalini. Familia ikitaka fidia inafungua madai yake yenyewe, kwa jina lake, ndani ya muda wake. Usipofungua hakuna atakayekuja kukugongea mlango na hundi.

Na kuna jambo ambalo naliamini kabisa na ndilo lililonisimamisha hapa: zile karatasi zisingetoka zenyewe. Barua pepe za ndani za kampuni, nani alijua nini na lini, nani aliuliza tuwaambie Wamarekani na nani akajibu hakuna haja, mengi ya hayo yaliletwa mwangani kwa sababu wajane na watoto walifungua kesi na mawakili wao wakadai nyaraka. Daktari hakuwa nazo. Mimi muoshaji sikuwa nazo. Kwa hiyo mtu akikuambia kushtaki hospitali ni tamaa ya pesa au ni kukosa shukrani kwa madaktari, mwambie hapana. Hata mjane asipopata senti, ile kesi imewafanya watu waapishwe na waseme.

Tuangalie kesi moja ilivyokwenda, ilikuwa hapa hapa mahakama ya King County, yaani ya Seattle. Mume alifariki 2013 baada ya kupitishiwa skopu, mke akashtaki kampuni, na hospitali nayo ikageuka ikaishtaki kampuni. Julai 2017 juri, yaani wale raia wanaoitwa kuamua kesi, likatoa uamuzi wa ajabu kidogo: hospitali iilipe familia dola milioni 1, na kampuni iilipe hospitali milioni 6.6 kwa sababu haikuonya ipasavyo. Mmeisikia hiyo? Aliyefiwa milioni 1, hospitali milioni 6.6. Na mvutano haukuishia siku hiyo. Juri pia halikukubali kwamba muundo wenyewe wa skopu haukuwa salama, lililokubali ni kwamba onyo halikutosha. Nawaambia hili ili msidanganywe na matangazo ya kwenye TV yanayofanya ionekane ukipiga simu tu umetajirika. Kesi hizi ni ngumu na ni ndefu na zinachosha mtu aliyefiwa.

Ugumu mkubwa ni kuthibitisha. Watakuambia mzee alikuwa na kansa, kinga yake iko chini, bakteria wa hospitali wako kila mahali, angeweza kumpata kwenye kitanda. Kwa hiyo wakili atatafuta vitu hivi: namba ya ile skopu iliyotumika siku ile, inaandikwa kwenye rekodi, kila skopu ina namba yake. Atatafuta nani alipitishiwa skopu hiyo kabla yako na baada yako. Atatafuta majibu ya maabara, jina kamili la bakteria na dawa alizozishinda, na kama maabara ilifananisha vinasaba vya bakteria wako na wa wagonjwa wengine au wa kwenye skopu yenyewe. Vikifanana, hapo mambo yanabadilika kabisa, maana ni vigumu sana bakteria wa kitandani tu awe pacha wa bakteria wa kwenye kilango cha skopu. Bila hivyo inakuwa maneno yako na yao.

Unamshtaki nani? Inategemea. Kampuni kwa muundo au kwa kutoonya, hospitali kwa namna ilivyoosha au ilivyonyamaza, wakati mwingine mwenye mashine ya kusafishia. Kampuni hupenda kusema tulipitishwa na FDA, kwa hiyo hatushtakiwi, lakini Mahakama Kuu ya Marekani tangu 1996 ilishasema vifaa vinavyoingia sokoni kwa njia ya kufanana na kifaa cha zamani, na skopu nyingi ndiyo njia yake, havipati kinga hiyo kirahisi. Sitaingia sana huko, mimi siyo wakili, wakili wetu atakayekuja mwezi ujao ataeleza vizuri.

Ila muda nitausema mara mbili. Muda unakimbia. Hapa Washington madai ya uzembe wa hospitali kwa kawaida ni miaka 3 tangu tukio, au mwaka 1 tangu ulipogundua au ulipopaswa kugundua, ule utakaochelewa zaidi. Madai dhidi ya mtengenezaji ni miaka 3 kuanzia ulipojua au ulipopaswa kujua. California ni mfupi zaidi. Na kama ulitibiwa hospitali ya wanajeshi wastaafu, ile ya VA, hiyo ni serikali kuu, una miaka 2 na unaanza kwa fomu yao kabla hata ya kwenda mahakamani. Mwaka 2009 wastaafu kama elfu 10 wa Tennessee, Georgia na Florida waliandikiwa barua kwamba skopu hazikusafishwa sawasawa, wakapimwe homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Sasa fikiria umeipata barua kama hiyo ukaiona Kiingereza kirefu, ukadhani ni bili, ukaiweka juu ya friji. Ile tarehe ya barua inaweza kuwa ndiyo saa ya kisheria imeanza kuhesabu, na wewe hujui.

Nawasihi. Barua yoyote ya hospitali yenye neno endoscope au duodenoscope au exposure, mpe mwanao akusomee siku hiyo hiyo, na kama watoto hawapo nipigie mimi. Itunze na bahasha yake yenye muhuri wa tarehe. Mtoto asiwe mkalimani wako mbele ya daktari lakini, hospitali inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani bure, dai, sema Kiswahili, na wewe wa Bukavu au Uvira sema Kiswahili cha Kongo, maana kuna tofauti na mnaijua. Halafu omba rekodi zako zote, siyo ule ukurasa mmoja wa kuruhusiwa kutoka. Sheria inawapa siku 30 kukupatia. Omba ripoti ya ERCP, majibu ya maabara ya damu na nyongo, na rekodi ya skopu iliyotumika. Usisaini karatasi ya mtu wa bima au wa kitengo cha malalamiko inayosema mmemalizana kabla wakili hajaiona. Wakili wa kesi hizi kwa kawaida hachukui hela mbele, anachukua asilimia mkishinda, mara nyingi theluthi, lakini soma vizuri gharama za wataalamu zinakatwa lini na nani analipa mkishindwa, na mkataba huo lazima uwe wa maandishi.

Kwenu waoshaji wenzangu, maneno machache. Andika. Ukiona mpira umechakaa, ukiona kitu kahawia kinatoka baada ya brashi ya tatu, ukiambiwa uharakishe, andika tarehe na namba ya skopu na nani umemwambia, kwenye mfumo wa kazini kama upo. Machi 2015 Olympus walitoa maelekezo mapya na brashi mpya ndogo zaidi ya kufika nyuma ya kilango, maana yake waliokuwa wakiosha kabla ya hapo, hata wakiosha sawasawa kama walivyofundishwa, hawakuwa na brashi ya kufika. Kumbuka hilo siku mtu atakapokunyooshea kidole. Na FDA ilipozilazimisha kampuni kupima skopu zilizokwisha oshwa, majibu ya 2019 yalionyesha mpaka asilimia 5.4 ya sampuli zilikuwa bado na bakteria wabaya. Zimeoshwa hizo! Ndiyo maana mwaka huo huo wakaanza kuzisukuma hospitali zihamie kwenye skopu ambazo kile kichwa kinatolewa na kutupwa, na Desemba wakapitisha ya kwanza inayotupwa nzima baada ya mgonjwa mmoja. Ni ghali, zinaongeza taka, hospitali nyingi zinasitasita. Mimi nazitaka, na nimeshasema hivyo kazini.

Nilipomaliza kuongea maswali yalikuwa mengi, hapa niweke mawili.

Mama mmoja aliuliza, mimi nimepangiwa hiyo ERCP wiki ijayo, nifanyeje sasa umenitisha? Mama, nenda. Ila muulize daktari mambo haya: skopu yenu kichwa chake kinatupwa au ni ile ya zamani? Mnazipima bakteria baada ya kuosha? Na nikitoka, homa ya kiasi gani au baridi ya namna gani nirudi haraka? Daktari mzuri hatachukia. Na ukirudi nyumbani ukatetemeka kwa homa usinywe panadol ukalala, rudi hospitali useme nilipitishiwa skopu siku fulani, waambie hivyo hivyo.

Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini baada ya watu kupungua, na ruhusa yake nimeipata kuliandika, kwamba je asiye na makaratasi anaweza kushtaki au atajiletea balaa. Shikamoo mzee, anaweza. Mahakama ya madai haiulizi viza ili kumsikiliza mtu aliyeumizwa, na hapa Washington tangu 2018 kuna kanuni ya ushahidi inayozuia kwa kawaida suala la uhamiaji lisiletwe kwenye kesi ya madai. Kuna mazingira machache ambapo linaweza kuguswa, kwa hiyo mwambie wakili wako ukweli siku ya kwanza kabisa, akiwa ni wakili wako hayo ni siri kati yenu.

Fomu za kuombea rekodi nimeziacha kwa katibu, za Kiingereza na maelezo ya Kiswahili pembeni. Jumamosi ijayo kuanzia saa 4 asubuhi nitakuwepo ukumbini nikiwajazia wasioweza kujaza, njoo na kitambulisho na jina la hospitali, na tarehe kama unaikumbuka. Kwa marehemu, aje aliyesimamia mirathi au ndugu wa karibu, na cheti cha kifo.